Kilebu mgeni nyumbani: analia usiku, anakojoa ndani, anaharisha, anang'ata. Sababu ni nini na ufanye nini

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aliyetolewa kwa mama yake leo asubuhi amepoteza kwa mpigo mmoja joto la wenzake, harufu aliyoizoea na chakula alichokuwa akila. Katika wiki mbili za mwanzo, karibu kila kitu ambacho wenye nyumba hukiita utundu kina sababu inayoonekana ukiitafuta: ama mwili wake una shida, ama ratiba haijakaa sawa, ama mahali ulipomweka hapamfai. Fimbo haitibu hata moja kati ya hizo. Hata kama kinachokukosesha raha ni kelele za usiku, anza na sehemu ya kwanza hapa chini, maana kilebu mgonjwa hafundishiki.

## Kwanza kabisa: ni mgonjwa au ni mgeni tu?

Inua mdomo wake wa juu uangalie fizi. Fizi nzuri ni za waridi na zina unyevu. Zibonyeze kwa kidole: zitageuka nyeupe, na rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu ni pungufu, na kwa vilebu wa kwetu wahusika wakuu ni minyoo ya safura na viroboto wengi. Halafu vuta kidogo ngozi ya juu ya mabega na uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, amepungukiwa maji. Kama una kipimajoto, pima kwa njia ya haja kubwa ukiwa umekipaka mafuta. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likizidi 39.5, au likishuka chini ya 37.5, hilo ni la daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Mgeni mwenye afya huwa mnyonge kidogo siku ya kwanza, lakini akiamshwa anaamka, anapokea chakula hata kama ni kidogo, na mkia unacheza. Mgonjwa halali usingizi, analala tu.

Anatapika na kuharisha, kinyesi kina damu na kinanuka vibaya mno. Dhania parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, mpaka daktari aseme siyo. Virusi hivi huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu kuingia mwilini mpaka dalili zionekane, na mara nyingine hadi siku 14. Ndiyo maana kilebu aliyeambukizwa kwa muuzaji hufika kwako akirukaruka na kuanguka siku ya nne. Watu wengi hapo hulaumu chakula, au hushuku kwamba jirani kamtegea sumu, na siku mbili za thamani zinapotea. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe; kinachookoa ni maji ya dripu, kuzuia kutapika na kukinga bakteria wasiingie kwenye damu kupitia utumbo uliochunika. Kila saa ina uzito. Vidonge vya binadamu vya kuzuia kuharisha usimpe. Diclofenac na ibuprofen usimpe kabisa, zinatoboa tumbo na kuua figo. Ukiwa njiani kwenda kwa daktari, na kama hatapiki, unaweza kumpa maji ya ORS (pakiti 1 kwa lita 1) kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 10 hadi 15.

Eneo alipoharishia liondolewe kinyesi kwanza, lioshwe kwa sabuni, kisha lipakwe dawa ya klorini ya kufulia: ikiwa ni ya asilimia 5, changanya sehemu 1 kwa maji 30, ikiwa ni ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji 20. Iache kwa dakika 10 ndipo usuuze. Klorini ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi, na kwenye udongo haifanyi kazi vizuri. Virusi vya parvo huweza kukaa kwenye udongo wenye kivuli kwa mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo nyumba iliyopoteza kilebu kwa parvo isilete mwingine mpaka huyo mpya awe amemaliza chanjo zake.

Chanjo zenyewe: ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyopata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa kila kilebu kinga hiyo inaisha siku gani. Sindano moja haitoshi. Muuzaji akisema "ameshachanjwa", omba kadi yenye tarehe na stika ya kichupa. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi 3. Na ieleweke kwamba kilebu mdogo pia anaweza kuwa na kichaa cha mbwa: akimng'ata mtu na historia yake haijulikani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali.

Kinyesi ni laini, hakina damu, na anacheza vizuri. Sababu ya kwanza ya kuulizia ni maziwa ya ng'ombe. Mtoto, hata wa mbwa, watu humpa maziwa kwa upendo. Tumbo lake haliwezi kuimeng'enya vizuri sukari iliyomo. Yaache. Sababu ya pili ni kubadilishiwa chakula ghafla. Sababu ya tatu ni minyoo. Mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu, vipimo 2 vya wali kwa 1 cha kuku, kidogokidogo mara 5 kwa siku, siku moja au mbili. Usimshindishe na njaa, kilebu akiba yake ya nguvu ni ndogo. Isipokoma kwa saa 48, peleka kinyesi kibichi kwenye chombo safi kikapimwe.

Tumbo limevimba kama ngoma, mbavu zinaonekana, manyoya hayana mng'ao. Minyoo. Dawa huanza mama akiwa bado ananyonyesha, vilebu wakiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 mpaka wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Mpime uzito kwanza, maana dawa huenda kwa kilo. Njia rahisi: panda mzani umembeba, panda tena peke yako, toa. Siku moja au mbili baada ya dawa unaweza kuona minyoo kama tambi kwenye kinyesi. Hiyo ni dawa kufanya kazi. Kinyesi kiokotwe kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo yakikomaa kwenye mchanga humwingia pia mtoto anayechezea hapo.

Huenda si wa umri ulioambiwa. Hili linaharibu mipango ya wengi. Kilebu anafaa kuachishwa mama na wenzake akiwa na wiki 8. Wengi huuzwa na 5. Fungua mdomo uhesabu. Wa wiki 8 ana meno yote 28 ya utotoni, na magego ya nyuma yameshatoka. Kama magego bado, una mtoto mchanga mkononi: chakula kilainishwe kwa maji ya vuguvugu mpaka kiwe uji mzito, milo iwe 5, joto la usiku liwe la lazima, na utegemee atang'ata kwa nguvu zaidi kuliko wengine, kwa kuwa kucheza kwa kipimo hufundishwa na ndugu zake kati ya wiki ya 5 na ya 8.

## Analia usiku kucha

Sikiliza analia saa ngapi na kwa namna gani.

*Anaanza mara tu taa inapozimwa na mlango kufungwa, analia kwa kuita.* Huo ni upweke. Tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake. Kosa linalofanyika sana ni kumweka kwenye banda la nje tangu usiku wa kwanza "ili azoee". Hazoei. Anachojifunza ni kwamba gizani hakuna anayekuja, na mbwa wa namna hiyo akikua hubweka usiku kucha kwa kila jani linaloanguka, mpaka siku ambayo kweli kuna mwizi hakuna anayeamka.

Tafuta boksi gumu au kizimba ambacho anaweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kisiwe kikubwa kuliko hapo, atafanya kona moja choo. Tandika gunia au kitambaa. Siku ya kumchukua, nenda na kipande cha kanga ukakisugue kwa mama yake na kwenye malalo ya wenzake, kisha ukiweke humo. Harufu hiyo inafanya kazi kubwa kuliko mwanasesere yeyote. Liweke boksi karibu na kitanda chako, au kama nyumba yenu hairuhusu mbwa ndani, barazani, karibu na dirisha la mtu anayelala, mahali anapoweza kusikia pumzi na sauti. Akilia, mwekee mkono au mwongeleshe kwa sauti ya chini, usimtoe. Baada ya usiku wa nne au wa tano, anza kulisogeza boksi hatua moja kila usiku kuelekea mahali unapotaka alale moja kwa moja. Wengi hutulia ndani ya wiki moja.

Familia za pwani ambazo mate ya mbwa kwao ni najisi hawana haja ya kuvunja utaratibu wao: baraza lenye ukuta upande wa upepo, boksi, chombo chake mwenyewe na mtu mmoja anayemhudumia kwa ratiba vinatosha. Kinachohitajika ni ukaribu wa sauti.

*Analala vizuri kwa muda wa saa nne au tano hivi, kisha anaamka kwa kelele na kuhangaika.* Anataka kukojoa. Mtoe mikononi hadi mahali pa haja, bila taa kali, bila michezo, akimaliza arudi alale. Mlo wa mwisho uwe saa 12 jioni, maji yaondolewe saa moja kabla ya kulala, atolewe saa 4 usiku, kisha saa 8 usiku, kisha saa 11 na nusu alfajiri. Kila siku tatu nne sogeza ile ya saa 8 mbele kwa nusu saa mpaka ifutike.

*Analia kwa sauti nyembamba, amejikunja, anatetemeka.* Baridi. Limuru, Njombe, Mbeya au Arusha mwezi wa Juni na Julai sakafu ya saruji humnyonya joto usiku mzima. Inua malalo kutoka sakafuni kwa ubao. Jaza chupa ya soda ya nusu lita maji ya moto ya kugusika, si yaliyochemka, ifunge barabara, izungushie taulo, uiweke upande mmoja tu wa boksi ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Dar es Salaam au Mombasa shida hugeuka: banda la bati linakuwa tanuri tangu saa 5 asubuhi, na anahema mdomo wazi. Hapo anataka kivuli na hewa.

*Analia huku anajikuna na kugeukageuka.* Nenda kwenye sehemu ya ngozi hapa chini.

## Anakojoa ndani

Kibofu cha kilebu kina kipimo: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, hizo ndizo saa nyingi kabisa anazoweza kuvumilia mchana. Wa miezi 2 ni saa 3, na hapo ni akiwa ametulia. Akicheza hazifiki hata moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni je, anatolewa mara ngapi? Atolewe kila akiamka, dakika 5 hadi 20 baada ya kila mlo, kila akimaliza kucheza, na kila saa 2 katikati. Sehemu iwe ileile. Simama naye, usimtume. Akimaliza tu, papo hapo na si baada ya kurudi ndani, msifu na umpe kipande cha chakula kidogo kama punje ya hindi. Wanaokaa ghorofani watumie beseni pana lenye udongo na majani, liwekwe kibarazani. Kumtandikia magazeti kunamfundisha kukojolea karatasi yoyote, pamoja na daftari za watoto.

Ratiba ikiwa sawa na bado anakosea, angalia anakosea vipi.

Anarudia palepale: harufu haijatoka. Osha kwa sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, iache dakika 15, suuza. Dawa za kusafishia zenye amonia zinanukia kama mkojo kwake, zinamwita. Siki huondoa harufu kwenye vigae, lakini inaunguza terazo na marumaru.

Anakojolea nyuma ya kochi au chini ya kitanda, akikuona anakimbia: ameshapigwa, au pua yake imeshasukumwa kwenye mkojo. Alichoelewa ni kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari, na sasa hata ukimtoa nje atakubania mpaka urudi ndani. Punguza uhuru wake: awe chumba kimoja, machoni pako, na mtu mmoja tu ndiye amtoe kwa siku kadhaa.

Anadondosha matone unapomwinamia au mgeni anapoingia, huku amelaza masikio: huko ni kunyenyekea, hakuna uhusiano na choo. Msalimie ukiwa umechuchumaa, ubavu ukimwelekea, bila kumkazia macho. Huisha akikua.

Anajikamua mara kwa mara, matone machache, mkojo una damu au unanuka sana: maambukizi ya kibofu. Kapime mkojo.

## Hataki kula

Siku ya kwanza isikutishe ikiwa anakunywa maji na fizi ni za waridi. Lakini wa mbegu ndogo, au yeyote aliye chini ya kilo 2, akipitisha saa 12 bila kula na akaanza kulegea au kuyumba, sukari ya damu imeshuka. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, mpashe joto, kamwone daktari. Usimmiminie mdomoni aliyepoteza fahamu, itaingia mapafuni.

Muulize aliyekuuzia alikuwa akila nini, uendelee na hichohicho kwa siku 3, kisha badilisha taratibu: robo ya kipya siku 2, nusu siku 2, robo tatu siku 2. Wa miezi 2 hadi 4 ale mara 4 kwa siku, hadi miezi 6 mara 3. Kwa kadirio, kilebu wa kilo 3 anahitaji karibu gramu 120 za chakula kikavu cha vilebu kwa siku, yaani gramu 30 kila mlo. Ukipika nyumbani, ugali mtupu uliochovywa kwenye mchuzi unajaza tumbo na kupinda miguu: protini hamna, kalisi (kalsiamu) hamna. Angalau theluthi ya sahani iwe nyama, mayai au dagaa wazima waliooshwa mchanga na kuchemshwa. Dagaa huyo na mifupa yake midogo ndiyo kalisi ya bei nafuu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano, isimfikie. Vitunguu, zabibu na chokoleti pia.

## Anang'ata mikono, vikoi na miguu ya watoto

Kilebu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Nyumba yenye watoto watano wanaopokezana kumbeba humnyima nusu yake, na kufikia magharibi anakuwa kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi: anarukia kila kinachopita. Kabla ya kumfundisha lolote, mlaze. Saa moja macho, saa mbili usingizi, na watoto waelezwe kwamba akiwa kwenye boksi haguswi.

Akikung'ata, acha mkono ukae, usiuchomoe (kuchomoa ni kumkaribisha afukuze), nyamaza, kisha ondoka kwa sekunde 20. Rudi na kitu cha kutafuna: kamba ya katani iliyofungwa mafundo, au karoti ya baridi. Kati ya miezi 4 na 6 meno hubadilika na hamu ya kutafuna hurudi upya. Viatu vipandishwe juu.

Kuna wanaotia pilipili au baruti kwenye chakula wakitaka awe mkali. Pilipili inaunguza tumbo tu. Mnyororo wa mchana kutwa nao hautoi mlinzi, unatoa mbwa mwenye hofu asiyetofautisha mwizi na mwanao anayerudi shule.

## Anajificha, anaogopa kila kitu

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wake unapanga kipi ni cha kawaida duniani, kisha mlango huo unaanza kufungwa. Tatizo ni kwamba chanjo hazijaisha. Suluhisho ni kumbeba: dakika 10 kwa siku mikononi, getini, aone bodaboda, sare za wanafunzi, mama mwenye ndoo kichwani, asikie mvua kwenye bati na jenereta ya jirani kwa mbali, huku akipewa vipande vya chakula. Miguu yake isikanyage mahali mbwa wa mtaani wanapopita. Akijificha chini ya meza, mwache ajitoe mwenyewe.

## Anajikuna, ana uvimbe, anachechemea

Viroboto: mchane kwa kitana cha meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Vumbi jeusi likilowa na kutoa wekundu, ni kinyesi chao. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mkaushe kabisa, malalo yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki, na sakafu ifagiliwe mpaka kwenye nyufa, kwa sababu wengi wa viroboto wako huko wakiwa mayai na mabuu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimtumie. Imetengenezewa ngozi na uzito mwingine. Mbwa mdogo huanza kutoa mate, kutetemeka, kisha degedege. Kama imeshatumika, mwogeshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na umwahishe kwa daktari. Nunua ile iliyoandikwa umri na kilo zake.

Uvimbe kama jipu wenye kitundu kidogo katikati, na kitu kinachosogea ndani, ni funza wa nzi. Nzi huyo hutaga kwenye mchanga wenye kivuli na nguo mbichi. Paka mafuta mazito ya mgando yazibe tundu kwa nusu saa. Funza akikosa hewa hupanda. Bana polepole kutoka pande mbili mpaka atoke mzima, kisha osha kwa maji ya chumvi. Akipasuka ndani, jeraha huvimba vibaya. Malalo yasianikwe chini, na yakikauka yapigwe pasi.

Akichechemea na kulamba nyayo, angalia kati ya vidole na pembeni ya kucha kama kuna tekenya, halafu angalia masikio na mapajani kama kuna kupe. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kupindishwa, wala kupakwa mafuta ya taa. Andika tarehe uliyomtoa: kilebu aliyekuwa na kupe, na wiki moja hadi tatu baadaye akapata homa, fizi nyeupe au mkojo wa rangi ya kahawia, anahitaji kupimwa damu siku hiyo, na daktari atataka kuijua hiyo tarehe.